Kazi ya Mwenye Nyumba ya Wageni: Kumtunza Mgonjwa Aliyepasuliwa Taya, Uso au Shingo

Somo kwa vikundi vya maombi vya nyumbani na kwa Umoja wa Akina Mama

Soma kwanza: Luka 10:25–37 na 2 Samweli 9.



Habari ya Msamaria mwema twaijua tangu shule ya Jumapili. Twamjua kuhani aliyepita kando, twamjua Mlawi, na Msamaria mwenyewe tumemsifu katika mahubiri mengi. Lakini yumo mtu mmoja katika habari ile ambaye ni nadra kuhubiriwa, naye ni mwenye nyumba ya wageni. Msamaria aliyafunga majeraha, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akamtunza usiku ule, na siku ya pili akashika safari yake. Aliyebaki na majeruhi siku zilizofuata ni yule mwenye nyumba. Yeye ndiye aliyeachiwa kumlisha, kumwosha, kubadilisha vitambaa na kuamka usiku aliposikia mtu anaugua.

Somo la mwezi huu lahusu kazi ya mtu huyo. Mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa wa taya, ambaye zamani angefichwa chumba cha nyuma mpaka mwisho wake, leo aweza kupasuliwa, akatengenezewa taya jingine, na akarudi kwao akiwa hai. Daktari amekwisha kufanya kazi ya Msamaria. Mgonjwa akitoka katika lango la hospitali, hukabidhiwa sisi, na wengi wetu hatukufundishwa la kufanya. Nami sikufundishwa, na kwa ajili hiyo nilikosea, kama nitakavyoeleza.

1. UPASUAJI HUU NI WA NAMNA GANI?

Yako magonjwa mengi yanayomfikisha mtu hapo. Kwanza, uko uvimbe uitwao ameloblastoma, ambao huanza katika chembe zinazotengeneza meno. Huota taratibu, mara nyingi katika taya la chini, na kwa kuwa mwanzoni hauumi, watu huchelewa kwenda hospitali. Kwa kawaida hausambai mwilini kama saratani, lakini usipoondolewa wote hurudi. Kwa hiyo daktari hukata pamoja na sehemu ya mfupa mzima unaouzunguka. Pili, iko saratani ya kinywa, ambayo huletwa zaidi na tumbaku, iwe ya kuvuta, ya kutafuna au ugoro. Pia na pombe, na popoo ya kutafuna. Tatu, wako walioungua moto au kuumia ajalini. Nne, wako watoto walioliwa shavu na noma, ugonjwa unaowashika hasa wale wenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua. Noma iliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mnamo Desemba 2023.

Ugonjwa ukiisha kukatwa, hubaki pengo, nalo lazima lizibwe. Mara nyingine daktari huweka bamba la chuma tu, au huongeza kipande cha mfupa kutoka nyonga. Mara nyingine huchukua ngozi na nyama ya kifuani, akaigeuza mpaka shingoni ikiwa bado imeshikamana na mshipa wake wa damu. Njia hii ilielezwa mwaka 1979, na mpaka leo hutumika sana. Iko pia njia ya kuchukua kipande kutoka mbali, kama ngozi ya mkono au ule mfupa mwembamba ulio upande wa nje wa mguu, chini ya goti. Kipande hicho hukatwa kabisa pamoja na mishipa yake, kisha mishipa hiyo huungwa na mishipa ya shingo, daktari akitazama kwa hadubini. Mfupa huo wa mguu ulianza kutumiwa kutengenezea taya mwaka 1989. Aliyetolewa mfupa huo hatembei kilema kwa sababu hiyo, kwa maana mfupa mkubwa unaobeba mwili umebaki mahali pake.

Sasa shika jambo hili moja, nalo litakusaidia kuelewa mengine yote: nyama iliyopandikizwa huishi kwa mshipa wenye upana wa milimita mbili au tatu tu. Mshipa huo ukibanwa au ukiziba, nyama hufa.

2. SIKU ZA HOSPITALI

Siku tatu za kwanza ndizo za hatari zaidi kwa nyama ile. Ndiyo sababu wauguzi huja mara kwa mara, hata usiku, kuitazama rangi yake na kuigusa kama ina joto. Ikiwa nyeupe na baridi, yaelekea damu haiingii. Ikiwa ya zambarau na imevimba, yaelekea damu haitoki. Kwa vyovyote muuguzi humwita daktari mara moja, kwa kuwa saa chache zaweza kuiokoa au kuipoteza. Ndugu wa mgonjwa akiona mabadiliko hayo, asione haya kumwita muuguzi.

Mgonjwa hulazwa kichwa kikiwa kimeinuliwa, ili uvimbe upungue. Asigeuzwe shingo upande uliokatazwa, wala asifungwe kitu chochote shingoni: si kanga, si mkufu, si rozari. Nimeona mama mwenye huruma akimfunga mwanawe kitambaa cha shingo kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Muuguzi alipokifungua kwa haraka, mama yule alidhani amedharauliwa, kumbe alikuwa anaokolewa mtoto.

Tena, mgonjwa asivute tumbaku, wala asivutiwe karibu. Moshi hukaza mishipa midogo na kuchelewesha jeraha kupona.

Wagonjwa wengi hawawezi kusema siku hizo, hasa aliyetobolewa shingoni ili apumue. Hapa sisi walimu twaweza kusaidia. Mpeleke daftari na penseli, au kibao kidogo cha kuandikia. Asiyejua kusoma mchoree picha: kikombe, mto, choo, mtu anayeumwa, naye ataonyesha kwa kidole. Mwekee pia kengele au kikombe cha bati cha kugonga. Hofu kubwa ya mtu asiye na sauti ni kwamba usiku atahitaji msaada na hapana atakayejua.

3. NYUMBANI

Kabla hamjatoka hospitali, mwambieni muuguzi: “Tuonyeshe, kisha tutazame tukifanya sisi.” Kusikia maelezo hakutoshi. Darasani pia mtoto hajifunzi kuandika kwa kumtazama mwalimu tu.

(a) Pumzi. Baadhi ya wagonjwa hurudi nyumbani wakiwa bado na tundu shingoni. Tundu hilo ndilo njia yao ya hewa. Lisizibwe kwa nguo wala kwa mkono. Liwekewe kitambaa chepesi na safi, kilicholegea, cha kuzuia vumbi na nzi. Maji yasiingie wakati wa kuoga. Asikae jikoni penye moshi wa kuni. Bomba la ndani huoshwa kama mlivyoonyeshwa. Likiziba na mgonjwa akahangaika kupumua, au bomba lote likichomoka, hiyo ni safari ya hospitali saa ile ile. Tena mjue kwamba aliyeondolewa zoloto lote hupumua kwa tundu hilo peke yake maisha yake yote. Akizimia, kumpulizia hewa mdomoni hakufai kitu. Hewa hupulizwa shingoni.

(b) Chakula. Wazee husema mgonjwa haulizwi uji. Lakini kwa mgonjwa huyu, uji wenyewe ndio lazima uulizwe: daktari ameruhusu? Umechujwa? Umepoa?

Kama analishwa kwa mpira uliopitishwa puani, tazama kila mara alama iliyowekwa mpirani penye tundu la pua. Ikiwa alama imesogea, usimlishe, bali rudi kwa muuguzi. Wala usijaribu kuurudisha mpira mwenyewe, kwa maana waweza kuingia katika njia ya pumzi. Mkalishe wima wakati wa kumlisha, na abaki wima angalau nusu saa baadaye. Pitisha maji safi kabla ya chakula na baada yake, ili mpira usizibe. Uji mwepesi wenye maziwa na karanga zilizosagwa laini, supu iliyochujwa, maji ya matunda: vyote hivi vyaweza kupita, kwa kipimo alichoandikiwa. Akianza kukohoa au kuhema kwa shida, acha mara moja.

Akiisha kuruhusiwa kula kwa kinywa, msimharakishe. Wengi hudhani kitu chepesi kama maji ndicho rahisi, kumbe maji ndiyo humpalia upesi, na uji mzito kidogo hushuka kwa utulivu zaidi. Ampe kijiko kidogo yule anayemlisha, ameze, kisha asubiri. Ikiwa sauti yake imekuwa kama ya mtu mwenye maji kooni, chakula huenda kimepita njia isiyo yake. Mpimeni uzito kila juma na kuuandika. Anayezidi kukonda arudi kliniki.

Na hili la moto lisisahauliwe. Nyama iliyopandikizwa haina hisia. Uji wa moto waweza kuichoma naye asijue mpaka malengelenge yatokee. Kwa hiyo onja kwanza wewe, wala usimkande usoni au shingoni kwa maji ya moto, hata kama bibi yetu alituponya hivyo.

(c) Kinywa. Kila baada ya kula asukutue kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi nusu kijiko cha chai kwa kikombe. Meno yaliyobaki yapigwe mswaki laini. Chakula hukwama pale pasipo na hisia, kikaoza, na harufu ikawa mbaya. Mwanamume aliyepandikizwa ngozi ya kifua aweza kuona nywele zinaota ndani ya kinywa. Si uchawi wala si laana. Ngozi ile imeendelea tu na desturi yake ya zamani.

(d) Jeraha, bega na mguu. Jeraha lioshwe kwa namna mliyoonyeshwa tu. Lisipakwe majivu, mafuta ya taa, asali wala dawa ya majani. Aliyeondolewa tezi za shingo huenda asiweze kuinua mkono wa upande ule, kwa sababu mshipa wa fahamu wa bega hupita hapo hapo. Si mvivu, afanye mazoezi aliyopewa, naye asipewe ndoo ya kubeba. Aliyetolewa mfupa wa mguu atembee kidogo kidogo kama alivyoruhusiwa.

(e) Kliniki. Hapa ndipo wengi huanguka. Mgonjwa wa saratani akiona uso umefunga, husema nimepona, akaacha kurudi. Lakini saratani hizi zikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili ya kwanza. Akiambiwa kwamba atahitaji mionzi, yafaa ianze ndani ya majuma sita hivi baada ya kupasuliwa. Nchini kwetu hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza, pamoja na kwingineko ambako daktari ataelekeza. Basi mchango wa kanisa wa nauli na wa malazi usingoje mavuno. Msamaria naye hakuacha maneno matupu. Aliacha dinari mbili na ahadi ya kurudi kulipa zaidi. Na baada ya mionzi, mgonjwa asing'olewe jino mahali popote kabla ya kumweleza daktari wa meno kwamba taya lilipigwa mionzi, kwa maana mfupa huo huenda usipone.

4. DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Andika orodha hii uibandike ukutani:
– Damu nyekundu ikitoka shingoni au kinywani, hata kama ni kidogo na imekoma yenyewe. Ikiendelea kutoka, bonyeza kwa kitambaa safi njiani.
– Kupumua kwa shida.
– Homa, usaha, au uvimbe unaoongezeka.
– Mate au chakula kutokea katika jeraha la shingo.
– Nyama iliyopandikizwa kubadilika rangi.
– Mguu kuvimba na kuuma katika shavu la mguu.
– Mgonjwa kusema hana haja ya kuishi. Hii nayo ni dalili ya hatari kama damu. Asiachwe peke yake, na daktari aambiwe.

5. USO NA MACHO YA WATU

Nilisema nilikosea. Mwaka 2016 mdogo wangu wa kike alikatwa nusu ya taya la chini kwa sababu ya uvimbe, akawekewa bamba la chuma, akaletwa kwangu kuuguzwa. Kabla hajafika nilikiondoa kioo katika chumba chake. Nikawaita wajukuu, nikawaonya kwa ukali: “Bibi yenu amebadilika. Asiwepo atakayemkodolea macho.” Nilidhani nimefanya hekima.

Watoto walitii kupita nilivyotaka. Hawakumkodolea macho, hawakumtazama kabisa. Wakimwona barazani, walizunguka kwa mlango wa jikoni. Siku ya tatu aliomba daftari, akaandika, kwa kuwa kusema kulikuwa bado kunamwumiza: “Kaka, nimekuwa wa kutisha kiasi gani hata kioo kimeondolewa?”

Nilifundisha miaka mingi, na chuoni tulifunzwa kumtazama usoni mtoto mwenye kigugumizi mpaka amalize neno lake. Lakini siku ile nilikosa jibu. Niliondoka nikaleta kioo. Alijitazama muda mrefu, akalia, kisha akafunga kanga yake vizuri akatoka kukaa barazani. Mjukuu wangu mdogo, aliyekuwa na miaka mitano, alimsogelea akamwuliza, “Bibi, hapo panauma?” Akamjibu kwa kichwa kwamba panauma kidogo. Mtoto akakaa karibu naye. Tangu siku hiyo hapakuwa na mtoto aliyezunguka kwa mlango wa jikoni.

Baadaye nilisoma kwamba kosa langu ni la zamani. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, askari wengi walivunjwa nyuso kwa risasi na mizinga. Mwaka 1917 ilifunguliwa hospitali yao huko Sidcup, Uingereza, na mpasuaji Harold Gillies pamoja na wenzake waliwatengeneza zaidi ya watu 5,000. Gillies ni mmoja wa waanzilishi wa kazi hii yote. Lakini wodini vioo vilikatazwa. Na katika mji, baadhi ya mabenchi yalipakwa rangi ya buluu, ili watu wajue kwamba anayeketi hapo huenda akawa na uso wa kuwashtua, wajiandae au wapite mbali. Nia ilikuwa njema, kama yangu ya kioo. Lakini benchi la namna ile lamwambia mtu kila siku kwamba mahali pake ni pa peke yake.

Katika vita ya pili, Archibald McIndoe, jamaa yake Gillies, alipewa marubani walioungua nyuso na mikono, katika mji uitwao East Grinstead. Yeye alitenda vingine. Aliwaruhusu kuvaa sare zao za jeshi badala ya nguo za wagonjwa, wakatoka kwenda mjini. Tena aliwaomba wenyeji wa mji wawapokee kama watu. Wenyeji wakawaalika nyumbani mwao na kuzungumza nao barabarani, na mji ule ukapata sifa ya kuwa mji usiokodoa macho. Mwaka 1941 wagonjwa wale waliunda chama chao, nacho mwisho wa vita kilikuwa na wanachama 649. McIndoe alijua kwamba yeye hutengeneza ngozi tu, na kwamba kazi iliyobaki hufanywa na macho ya wenyeji.

Na sisi twamdai McIndoe shukrani nyingine. Alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na huko, mwaka 1957, yeye na wapasuaji wenzake wawili wa kazi hiyo hiyo, Michael Wood na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao kwa ndege, ambayo leo twaijua kwa jina la Amref.

Basi tujiulize kwa unyofu: je, kanisani mwetu hakuna benchi la buluu? Halikupakwa rangi, lakini wote twalijua. Ni lile la nyuma kabisa, karibu na mlango, ambapo mtu mwenye uso uliobadilika huketi, akatoka kabla ya baraka ya mwisho ili asisalimiwe. Hatukumpeleka pale kwa amri. Tulimpeleka kwa macho yetu.

Ziko njia mbili za kumwumiza mtu kwa macho. Moja ni kumkodolea. Nyingine ni kumkwepa. Iliyo njema ni kumtazama usoni kama zamani, kumwita kwa jina lake, na kuzungumza naye habari za mvua, za watoto, za kwaya. Asiposikika vizuri, mwambie, “Samahani, rudia.” Usijifanye umeelewa, usimmalizie maneno, wala usimpigie kelele, maana aliyekatwa taya si kiziwi. Akitokwa na mate, mpe kitambaa pasipo kusema neno. Usimwambie, “Hubadilika kabisa,” kwa sababu anacho kioo. Afadhali useme, “Tunafurahi umerudi.” Na mjue kwamba uvimbe huchukua miezi kupungua, uso wa mwezi wa kwanza siyo uso wa mwaka wa pili.

6. MEZANI PA BWANA

Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na kilema cha miguu yote miwili, akiishi mbali, katika nyumba ya mtu mwingine. Daudi alimwita ale mezani pake daima, kama mmojawapo wa wana wa mfalme. Tazama jinsi sura ile inavyomalizika: yuko mezani, na bado ni kilema. Hakuponywa kwanza ndipo akaalikwa.

Wako wagonjwa wa namna hii ambao huacha kuja kwenye Ushirika Mtakatifu kwa kuona haya. Waogopa mate yao yasiingie katika kikombe, au divai isiwapalie mbele za watu. Walio karibu nao wamweleze kasisi mapema. Mkate waweza kulowekwa kidogo ili usimkwame. Anayeumizwa na divai apokee mkate peke yake, nao ni Ushirika kamili. Asiyeweza kutoka aletewe nyumbani. Na yule anayelishwa kwa mpira, asiyemeza kitu, asidhani amefungiwa mlango: Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, katika utaratibu wa Ushirika wa wagonjwa, kinamwagiza kasisi amfariji mtu asiyeweza kupokea kwa kinywa kwamba, akitubu na kumwamini Kristo na kumshukuru, amempokea kweli rohoni.

Mdogo wangu aliacha Ushirika miezi minane. Siku aliyorudi, kasisi alishuka na mkate uliolowekwa mpaka alipopiga magoti, akamwita kwa jina. Mama aliyekuwa kando yake hakusogea mbali, bali alimshika mkono wakainuka pamoja. Leo anaketi safu ya tatu, naye ndiye anayewatembelea wengine waliopasuliwa, akiwa na daftari mkobani mwake.

Bwana aliyemwambia mwanasheria aende akafanye vivyo hivyo, na atupe sisi moyo wa Msamaria njiani, na uvumilivu wa mwenye nyumba ya wageni siku zote zinazofuata. Amina.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mwenye nyumba ya wageni alihitaji nini ili aifanye kazi yake vizuri? Je, nyumba inayouguza mtu katika mtaa wetu ina vitu hivyo?
2. Kwa nini nyama iliyopandikizwa haifai kukandwa kwa maji ya moto, na kwa nini shingo isifungwe kitu?
3. Taja dalili nne za kumkimbiza mgonjwa hospitali bila kungoja asubuhi.
4. Ni nani katika kanisa letu anayeketi katika benchi la buluu? Msimtaje jina kikundini. Kila mmoja aamue moyoni ni siku gani atakwenda kumtembelea.
5. Kikundi chenu kipange zamu ya juma moja kwa ajili ya mgonjwa mmoja: nani atapika uji, nani atachuja, nani atakesha, nani atampeleka kliniki.